Sura ya Saba: Moto Unaopotea Kitonga

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini, gari linaweza kukuficha ugonjwa wake hadi Ruaha Mbuyuni. Limepita Chalinze, limepita Morogoro, limekatiza Mikumi bila shida, na sindano ya joto imetulia pale pale. Halafu barabara inaanza kuupanda Mlima Kitonga. Mbele kuna lori la kontena linalokwenda Tunduma, linatambaa. Dereva anapata nafasi ya kulipita, anakanyaga mafuta, na gari linashtuka badala ya kuvuta. Linashtuka tena. Taa ya injini inaanza kupepesa kwenye dashibodi. Anarudi nyuma ya lori, anapanda taratibu hadi juu, na akikaribia Ilula, barabara ikishalala, gari limepona. Kesho yake mjini Iringa fundi anafungua boneti, anasikiliza injini ikinguruma mahali pamoja, anasema: "Mbona nzima hii?"

Si nzima. Kitonga imelipima gari na kutoa jibu ambalo gereji ya tambarare haiwezi kulitoa, na kazi ya sura hii ni kukufundisha kulisoma jibu hilo.

Plagi inatakiwa irushe cheche kwenye mwanya wa kama milimita moja, ndani ya silinda, katikati ya hewa na petroli vilivyobanwa. Kadiri mchanganyiko huo unavyobanwa, ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi ili uruke. Kwenye tambarare ya Mikumi mguu wa dereva ni mwepesi, mlango wa hewa umefunguka kidogo, silinda inavuta hewa haba na cheche inaruka bila taabu. Kanyaga mafuta hadi chini ukiwa gia ya pili mlimani: silinda inajaa hewa, mbano unapanda, na volti zinazotakiwa zinapanda nazo. Koili nzima ina akiba, kwa maana inaweza kutoa volti 30,000 na zaidi. Koili iliyochoka haina akiba hiyo, wala plagi iliyolika mwanya wake ukapanuka, wala mpira wa koili wenye ufa. Umeme unatafuta njia nyepesi, unapenya kwenye ufa na kuishia kwenye chuma cha injini, na silinda ile inapitisha petroli bila kuichoma. Hapo ndipo tunasema gari linamisi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu anayechunguza moto wa injini, kabla hajashika spana na kabla hajachomeka mashine, ni swali la wakati. Linakosa moto lini? Alfajiri ya baridi, mlimani, baada ya mvua, au injini ikishachemka? Kila jibu linaondoa washukiwa kadhaa na kubakiza wachache. Inanisikitisha kwamba magari mengi yanapokelewa gereji bila kuulizwa swali hili. Mazungumzo yanaanzia kwenye kununua: nunua plagi, zikishindwa nunua koili, zikishindwa nunua pampu ya mafuta, zikishindwa tafuta kontroli boksi ya mtumba. Kwa mwenye gari moja, analotumia kupeleka viazi sokoni Uyole au kufikia kituo chake cha kazi, kila spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha ni ada ya mtoto.

Kabla hatujaanza kuwashuku washukiwa, tuondoe jambo moja ambalo si ugonjwa. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haijapungukiwa sana na kimo hicho. Katika mita 1,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la ufukweni. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi, na hewa ikipungua nguvu inapungua. Makadirio ya kawaida ni kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Premio iliyokuwa ikiruka Dar es Salaam itapanda Mlima Nyoka kwa uvivu hata kama plagi zake zimetoka dukani asubuhi hiyo. Mwenyewe anaipeleka gereji kwa sababu "haina nguvu", na kuna gereji zitakazomtafutia ugonjwa mpaka upatikane.

Tofauti inasikika. Upungufu wa hewa ni mlaini: gari linavuta kidogo, lakini linavuta sawasawa. Kumisi kuna mpigo. Injini ya silinda nne iliyopoteza moja inatikisika kwa mpangilio, mtikisiko unafika kwenye usukani na kwenye kiti, na ukisimama nyuma ya bomba la moshi unasikia mlio unaokatika na kurudi mahali palepale. Magari ya kabureta yalikuwa na shida yao ya ziada: yakitegeshwa Dar es Salaam na kuletwa huku, petroli inayoingia inakuwa nyingi kwa hewa iliyopo, na plagi zinajaa masizi meusi. Kompyuta za leo hurekebisha hilo zenyewe.

Barabara hii yenyewe imeona zama zote mbili. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mnamo Novemba 1965, petroli ya Zambia, isiyoweza tena kupitia huko, ilisafirishwa kwa malori kupitia hapa, barabara ikiwa bado ya vumbi na matope, nayo ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Malori makubwa ya dizeli hayana plagi, kwa hiyo hayatuhusu. Lakini Land Rover za petroli, na baadaye Peugeot 504, zilikuwa na platini: vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta, vinavyogusana na kuachana kila cheche inapotakiwa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini zinaachana mara 6,000 katika dakika hiyo. Ziliungua, zililika, na fundi aliziona kwa macho. Kipande cha msasa na kibati cha kupimia mwanya vilitosha kulirudisha gari barabarani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chrysler ya Marekani ilianza kuuza magari yenye moto wa kielektroniki, na wengine wakafuata. Kazi ya platini ikachukuliwa na transista, iliyofungiwa ndani ya kifaa ambacho mafundi wanakiita ignaita. Haigusani na kitu, hailiki, haihitaji msasa. Ni hatua njema sana, ila ilikuja na gharama moja kwa fundi: platini iliyokufa ilionekana imeungua, wakati transista iliyokufa inafanana kabisa na nzima. Naamini tabia ya kubahatisha ilizaliwa hapo. Macho yalipoteza kazi, na vipimo havikuchukua nafasi yake.

Basi tuufuate moto wenyewe, hatua kwa hatua, kwenye gari ambalo huwezi kukaa dakika tano Mwanjelwa, Mbeya, bila kuliona. Toyota IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na nyingi zina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Hapa hakuna distribyuta. Kila silinda ina koili yake inayokaa moja kwa moja juu ya plagi, na ignaita iko ndani ya koili. Sensa ya kranki inasoma meno ya gurudumu linalozunguka na kranki, na kuiambia kompyuta pistoni zimefika wapi. Kompyuta inapiga hesabu na kutuma amri kwa koili kupitia waya mwembamba. Ignaita inapitisha umeme wa betri ndani ya koili kwa muda mfupi mno, kisha inaukata ghafla, na kule kukatwa ndiko kunakozaa maelfu ya volti yanayokwenda kwenye plagi. Halafu koili inarudisha jibu kwenye kompyuta kwa waya mwingine: nimetekeleza. Ndiyo maana soketi ya koili hii ina nyaya nne, yaani umeme wa betri, ethi, amri na jibu. Katika michoro ya Toyota waya wa amri umeandikwa IGT na wa jibu IGF.

Waya huo wa jibu ndio unaowapoteza watu wengi. Kwenye Toyota nyingi, kompyuta isipopata jibu inaamini kwamba petroli inaingia bila kuchomwa, na ili kuilinda injini na chujio la moshi inakata petroli. Fundi anapima, anakuta petroli haiingii kwenye silinda, anahukumu pampu. Pampu mpya inafungwa na gari haliwaki. Waya wa jibu uliokatika, au soketi iliyoota kutu, unaendelea kukaa kimya pale pale juu ya injini.

Ukiielewa safari hiyo, unaweza kugawanya ugonjwa bila kifaa chochote. Gari likikosa silinda moja tu, washukiwa ni wale wanaoihudumia silinda hiyo peke yake: koili yake, plagi yake, injekta yake, nyaya zake, au mbano wake. Si rahisi kitu kinachotumiwa na silinda zote nne kikaichagua moja. Silinda zote zikikosa moto kwa pamoja, acha koili zilivyo, kwa sababu ni nadra koili nne kufa siku moja. Tafuta wanachoshirikiana, kama sensa ya kranki, fyuzi, rilei, ethi ya injini au umeme unaolisha kompyuta. Na moto ukipotea pamoja na petroli, ianze sensa ya kranki, kwa sababu kompyuta isiyojua kama injini inazunguka haina sababu ya kutoa kimojawapo.

Nimependa namna fundi mmoja wa gereji ya wazi pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, alivyolishughulikia gari la mwalimu wa sekondari kutoka Mafinga. Ilikuwa Julai, baridi ya asubuhi haijaachia, na malori ya barabara kuu yalikuwa yakipita hatua chache kutoka pale.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwalimu. Karibu. Gari ina nini?"

"Inamisi. Nimeambiwa ninunue koili zote nne."

"Tuziache kwanza hizo koili. Inamisi ukiwa wapi?"

"Nikipandisha. Kilima hiki cha kwenda mjini ndiyo kabisa, mpaka naona aibu kwa abiria."

"Na asubuhi ukiiwasha?"

"Inatetemeka kidogo, kisha inatulia."

"Plagi zilibadilishwa lini?"

"Sijui, fundi. Nimeinunua ikiwa hivyo hivyo."

Alichomeka mashine chini ya usukani, ikatoa namba P0303. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona silinda ya tatu ikimisi. Hakusema "koili". Alizima injini, akachomoa soketi ya koili ya tatu, akafungua bolti yake moja ya namba 10 na kuivuta koili juu. Mpira wake wa chini ulitoka umelowa oili. Aliufuta kwa kitambaa, akaugeuza taratibu kwenye mwanga wa jua, na hapo tukaona ufa, mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, unaoshuka ubavuni mwa mpira. Ni njia ambayo umeme umekuwa ukipita nje badala ya kwenda kwenye plagi. Wengi wangesimama hapo. Yeye aliendelea, na hii ndiyo sehemu ninayotaka uikumbuke. Koili ya silinda ya tatu aliipeleka ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Plagi ya tatu aliipeleka ya nne, na ya nne ikaja ya tatu. Akafuta ile namba kwenye mashine, akamwomba mwalimu waupande mlima wa kwenda mjini kwa gia ya pili, mguu chini.

Jaribio hili halina gharama yoyote, na halidanganyi. Gari likirudi na P0301, ugonjwa umeifuata koili. Likirudi na P0304, umeifuata plagi. Likirudi tena na P0303, koili na plagi zote zimesafishwa jina, na lawama inahamia kwenye injekta, nyaya au mbano. Lilirudi na P0301. Mwalimu alinunua koili moja. Fundi akasisitiza pia zibadilishwe sili zinazozuia oili isiingie kwenye visima vya plagi, pamoja na gasketi ya vali kava, kwa sababu oili hulainisha na kuharibu mpira, na koili mpya ingekufa kifo kilekile.

Linganisha na tabia niliyoikuta mara nyingi, ya kuchomoa waya wa plagi au kunyanyua koili injini ikiwa inawaka ili kusikiliza ni silinda gani haifanyi kazi. Zama za platini ilivumilika. Leo ni hatari. Umeme uliokosa plagi ya kurukia unarudi kutafuta njia ndani ya koili na ignaita, na unaweza kuiua iliyokuwa nzima. Petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia ndani ya chujio la moshi na kuliyeyusha. Mkono wa fundi nao uko karibu na makumi ya maelfu ya volti na mvuke wa petroli. Ukitaka kuizima silinda moja kwa majaribio, zima injini, chomoa ile soketi ndogo ya injekta yake, kisha washa. Silinda nzima ukiizima, injini itabadilika mlio na kutikisika. Ukiizima ile mbovu, hakuna kitakachobadilika.

Kuhusu mashine yenyewe niseme wazi: inasaidia sana, na inaaminiwa kupita kiasi. Namba ya P0303 inasema mahali tatizo lilipoonekana. Haisemi ununue nini. P0300 ni kumisi kwa silinda mbalimbali bila mpangilio, ambako kunaelekeza kwenye vitu vya pamoja, ikiwemo petroli chafu au hewa inayovuja. P1300, P1305, P1310 na P1315 kwenye Toyota nyingi za miaka ya IST zinahusu ule mzunguko wa ignaita na waya wa jibu, koili ya kwanza hadi ya nne. P0335 ni sensa ya kranki, P0340 ya kemshafti. Taa ya injini ikiwaka tu, una muda wa kufika gereji. Ikipepesa, gari linamisi kiasi cha kuharibu chujio la moshi, kwa hiyo punguza mguu hapo hapo. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyoungana na simu vinafaa, ila baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani havielewani nayo hata kama soketi inalingana. Hilo lisikufanye uamini kwamba kompyuta ya gari imekufa.

Bado yapo magari mengi barabarani yenye distribyuta, hasa Corolla na Carina za miaka ya 1990, ambazo koili na ignaita zao mara nyingi zimo ndani ya distribyuta hiyo hiyo. Toyota hizi zina hazina iliyosahaulika. Kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, uhesabu mipepeso ya taa ya injini. Mpepeso mmoja, kituo, kisha minne ni namba 14: kompyuta haipati jibu la ignaita. Namba 12 na 13 zinahusu taarifa za mzunguko wa injini kutoka kwenye sensa za distribyuta. Kwenye magari haya ndiko multimita inakopata kazi nzuri zaidi: waya wa plagi usizidi kiloomu 25, na kifuniko cha distribyuta kisiwe na ufa wala unga mweupe kwenye miguu yake. Koili za IST, zenye ignaita ndani, huwezi kuzihukumu kwa multimita namna hiyo. Pima umeme unaofika kwenye soketi, pima ethi, kisha hamisha koili kama alivyofanya yule fundi.

Sasa mvua. Panda kutoka Uyole, vuka Isyonje, ushuke Tukuyu, na uko katika moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu wa Mufindi haupungui sana ubaya. Maji juu ya waya wa plagi uliozeeka yanaupa umeme njia ya nje, na hewa nyepesi ya milimani inaongeza urahisi huo, kwa kuwa umeme hurukia nje kwa wepesi zaidi hewa inapokuwa pungufu. Ugonjwa wa namna hii unaonekana usiku. Zima taa zote, fungua boneti injini ikiwaka, simama mbali kidogo uangalie: cheche za buluu zinatambaa juu ya waya au pembeni ya koili. Usipoziona, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia, sehemu moja baada ya nyingine, bila kugusa kitu. Mahali injini inapoanza kumisi ndipo pabovu. Na anayeosha injini kwa mashine ya presha halafu gari likagoma, akaushe kwanza visima vya plagi kabla ya kununua chochote.

Baridi ina namna yake ya kudanganya. Juni na Julai, alfajiri ya Mbeya inashuka chini ya nyuzi 10, na maeneo ya kuelekea Kitulo hupata hata jalidi. Oili imekuwa nzito, stata inahitaji umeme mwingi, na betri iliyopoa inatoa pungufu. Volti zikiporomoka wakati wa kupiga stata, koili haijai, cheche inakuwa dhaifu, na mtu anasema gari halina moto. Pima betri kabla ya kuugusa mfumo wa moto. Ikiwa imetulia usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Mtu mwingine akipiga stata, isishuke chini ya kama 9.6. Betri ikiwa nzuri na stata bado inajikokota, weka mkono mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini wakati wa kupiga stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi imechoka, na kusafisha vichwa vya nyaya kunaweza kumaliza kazi. Kijijini, ambako gari linalala karibu na ghala la mahindi, angalia pia meno ya panya kwenye nyaya. Ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali.

Kuhusu plagi nina neno moja tu. Namba iliyoandikwa juu yake ina maana: Denso K16R-U11 na NGK BKR5EYA-11 zote zinaishia na 11, yaani mwanya wa milimita 1.1. Mwanya huo ukipanuka kwa kulika, volti zinazotakiwa zinapanda na koili inachoka kabla ya wakati wake, kwa hiyo plagi zilizochelewa kubadilishwa zinaua koili. Plagi bandia zenye maandishi ya kampuni hizi zipo sokoni. Ukiambiwa bei ambayo ni robo ya bei ya duka jirani, iache.

Nimeuacha mwishoni ugonjwa unaoumiza watu zaidi katika njia hii, ule wa joto. Gari limepanda Kitonga bila kumisi hata mara moja. Dereva anasimama Ilula kununua nyanya na vitunguu, anazima injini, anajaza buti. Akirudi, stata inapiga kwa nguvu na injini haishiki. Anapiga mpaka betri inaelekea kuisha. Baada ya nusu saa, wakati amekwisha kupiga simu kuomba msaada, gari linawaka kwa stata moja. Mjini Iringa kila kipimo kinatoka salama, na ndipo pampu inapouzwa.

Mshukiwa mkuu hapa ni sensa ya kranki. Kwenye magari mengi ya aina hii ndani yake mna waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Umezeeka, una mahali paliponyofoka karibu kukatika. Injini ikizimwa baada ya mlima, hakuna hewa wala maji yanayoipoza, joto linapanda kwa dakika kadhaa, waya unatanuka na kuachana. Ukipoa unagusana tena. Ili kuikamata, ni lazima upime gari likiwa limekufa, hapo hapo Ilula. Piga stata huku ukiangalia sindano ya mizunguko ya injini, au usome mizunguko kwenye mashine ya simu. Ikibaki sifuri wakati injini inazunguka, kompyuta haioni kranki. Chomoa soketi ya sensa, ambayo kwenye 1NZ-FE iko chini mbele, karibu na puli ya kranki, na upime ukinzani wake kwa multimita. Ikisoma kwamba hakuna njia kabisa, umeipata. Kama huna multimita, weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya sensa kwa dakika chache, ukiangalia kisiguse mkanda, kisha kitoe na upige stata. Gari likiwaka, jibu unalo kabla hujaingia mjini.

Sindano ikicheza kama kawaida na moto bado haupo, sensa haina hatia. Rudi kwenye ignaita na nyaya zake, nazo pia hupenda kufa kwa joto, na upime umeme kwenye soketi za koili wakati huohuo, kabla hazijapoa. Sensa mpya ikifungwa, safisha uchafu wa chuma ulionaswa na sumaku kwenye tundu lake, hakikisha soketi imebana, na ufanye malipo ya mwisho baada ya gari kuzimwa likiwa la moto na kuwashwa tena mbele ya fundi.